Kesi ya Pua

Muuzaji alinisogezea kioo, akanivisha fremu ya sita, kisha akarudi nyuma hatua moja kama fundi cherehani anayeikagua suti aliyoishona. Miwani ilikaa vizuri kwa muda wa pumzi moja tu. Halafu ikaanza safari yake ya kila siku, taratibu, bila haraka, kama daladala inayotafuta abiria, ikateremka mpaka ikatua juu ya matundu ya pua. Nikaisukuma juu. Ikateremka tena.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, "fremu hazina tatizo. Tatizo ni hiyo pua."

Hayo yalitokea Kariakoo, mchana wa jua kali, kwa mtu ambaye sina ugomvi naye. Alikuwa mpole na alisema alichokiona. Lakini nilitoka pale bila kununua kitu, nimeibeba pua yangu kama mshitakiwa aliyepata dhamana, na njia nzima mpaka kituoni nilikuwa najiuliza: hivi kipi kilitangulia duniani, pua au miwani? Kama pua ndiyo iliyotangulia, inakuwaje yeye mwenyeji ndiye ashitakiwe?

Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Shitaka lile nilikuwa nimeshawahi kusomewa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa dawati la nyuma kabisa, kwenye kona ya masela, na ubao kwangu ulikuwa kitu cheusi chenye ukungu. Nane niliisoma sita, tatu niliisoma nane. Nilidhani kila mtu anaona hivyo hivyo, na kwamba wenzangu waliofaulu hesabu walikuwa tu hodari wa kubahatisha kunishinda. Siku walipokuja wapimaji wa macho shuleni nikaambiwa sioni mbali. Mama akaomba zamu yake ya upatu isogezwe mbele, nikanunuliwa miwani. Ilikuwa fremu nyeusi ya plastiki, nene, nzito, iliyochaguliwa kwa sababu moja tu: ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote.

Wiki ya kwanza niliiona dunia. Niligundua kuwa mwalimu wa hesabu ana kovu shavuni. Wiki ya pili balaa likaanza. Miwani ilikuwa inateleza, na ili isianguke nikajifunza kuinua kidevu. Sasa mtu ukiinua kidevu, watu unawatazama kwa chini ya macho. Washikaji wakasema naringa, wakanipachika jina la Profesa. Mwalimu mmoja akasema namdharau, nikala viboko viwili. Wiki ya tatu miwani ikahamia chini ya begi, na mimi nikarudi zangu kwenye ukungu. Hesabu nilifeli mwaka ule. Jioni moja mama, huku akipinda upindo wa gauni la mteja, akaniuliza, "Mwanangu, ile miwani inakusaidia kweli?" Nikamjibu, "Inanisaidia, mama." Alikuwa bado anaulipia ule upatu.

Kwa hiyo muuzaji wa Kariakoo aliposema tatizo ni pua, niliona safari hii kesi isiishie kwenye begi. Nikaipeleka mbele ya historia.

Na historia, kwa bahati nzuri, ina shahidi mwenye tarehe. Tarehe 23 Februari 1306, mtawa wa Kidominiko aitwaye Giordano da Pisa alikuwa akihubiri mjini Florence, Italia, na katikati ya mahubiri akachomekea jambo ambalo halikuhusu sana wokovu wa roho: kwamba haijatimia miaka ishirini tangu ufundi wa kutengeneza miwani uvumbuliwe, kwamba ni moja ya fani zenye manufaa makubwa kabisa duniani, na kwamba yeye mwenyewe alimwona mvumbuzi wake na kuzungumza naye. Ukirudisha hesabu nyuma unafika miaka ya 1286 hivi. Jina la mvumbuzi? Hakulitaja! Mtu kakutana na aliyewarudishia wazee vitabu vyao, kazungumza naye, halafu kamwacha apotee hivi hivi. Nimewahi kumkasirikia mwandishi kwa mambo madogo kuliko hilo.

Yuko mtawa mwingine, Alessandro della Spina wa Pisa, aliyefariki 1313. Kumbukumbu za nyumba yao zinasema kuwa mtu fulani alitangulia kutengeneza miwani lakini akaficha siri. Spina akaiona, akaitengeneza mwenyewe, akawagawia wote ujuzi huo kwa moyo mkunjufu. Hapo ndipo ushahidi unapoishia. Lakini watu hawapendi kiti kikae wazi. Mwaka 1684 Leopoldo del Migliore wa Florence, aliyetaka sifa ziende kwa mji wake, akaandika kwamba mvumbuzi ni bwana mmoja Salvino degli Armati, aliyefariki 1317, eti maneno ya kaburi lake yamo kwenye daftari la kale la mazishi. Vitabu vikanakili, vitabu vikanakili vitabu. Ilipofika 1956 mwanahistoria Edward Rosen akachambua madai hayo mpaka hakikubaki kitu. Ilikuwa hadithi ya kutunga. Nasi tunaojifunza kuandika tuna hatari hiyo hiyo: pengo likituuma, mkono unawasha kulijaza.

Elimu ya macho ilikuwa imetangulia kwa karne kadhaa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki karibu mwaka 1040, ndiye aliyeeleza kwa hoja na majaribio kwamba tunaona kwa sababu nuru inaingia machoni kutoka kwenye vitu, si kwa sababu macho yanatoa miale. Kitabu chake kilifasiriwa Kilatini na wasomi wa Ulaya wakakisoma sana. Tuendelee, maana shauri letu ni la pua.

Miwani ya mwanzo ilikuwa ya wazee. Ilikuwa na lenzi nene katikati, mbinuko, ya kumsaidia mtu ambaye macho yake yamechoka kuona karibu. Sisi tusioona mbali, tunaohitaji lenzi nyembamba katikati na nene pembeni, tulisubiri hadi karne ya kumi na tano. Tarehe 21 Oktoba 1462 mtawala wa Milan, Francesco Sforza, alimwandikia balozi wake aliyekuwa Florence amnunulie miwani dazeni tatu: dazeni moja ya kuona mbali, yaani ya vijana, dazeni moja ya kuona karibu, yaani ya wazee, na dazeni moja ya macho ya kawaida. Hapo tayari tupo, vijana wa mbali, dazeni nzima! Lakini kinachonifurahisha zaidi ni utetezi wake. Mtawala anaeleza kuwa miwani hiyo si kwa matumizi yake yeye, kwa maana kwa neema ya Mungu haihitaji, bali ni kwa kuwaridhisha hawa na wale wanaomwomba. Nilipoisoma barua hiyo nilicheka peke yangu. Miaka zaidi ya mia tano imepita na bado mtu akiagiza miwani anaanza kwa kusema si yake.

Ona pia jinsi alivyoagiza. Hakuna aliyepimwa. Umri ndio uliokuwa kipimo, na mteja angejaribu moja baada ya nyingine mpaka herufi zisimame. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonunua miwani yake. Alikuwa ameshindwa kutunga uzi kwenye sindano, kila mara ananiita mimi au jirani, "Hebu nitungie," mpaka siku moja machinga akapita na ubao wake wa miwani ya kusomea kifuani. Akajaribu moja yenye karatasi ya +1.50, akaachana nayo. Akajaribu ya +2.00, akachomoa sindano na uzi kwenye kanga yake, akatunga pale pale barabarani, akalipa. Hakuna aliyemuuliza kitu zaidi. Watafiti waliokwenda Kongwa, mkoani Dodoma, walichapisha mwaka 2006 kwamba kati ya watu wa miaka arobaini na kuendelea, zaidi ya nusu walikuwa na tatizo hilo la mama, na wenye miwani kati yao walikuwa wachache mno. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba duniani kote watu milioni 826 wana uoni hafifu wa karibu usioshughulikiwa. Fikiria ni sindano ngapi hizo.

Sasa pua.

Hao mafundi wa Italia walitatua suala la lenzi, wakabaki na suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana la kitoto: kitu hiki kikae wapi? Miwani ya mwanzo ilikuwa miduara miwili ya mfupa, mbao au chuma, kila mmoja na mpini wake, iliyounganishwa kwa msumari kama mkasi. Uliibana puani, au uliishika kwa mkono. Haikuwa na mikono ya kufika masikioni. Na usidhani hiyo mikono ilikuja baada ya miaka kumi au hamsini. Ilichukua zaidi ya miaka mia nne! Katika muda huo binadamu walivumbua mashine ya kuchapa vitabu, wakaizunguka dunia kwa merikebu, wakatumia lenzi hizo hizo kutengeneza darubini na kuuona mwezi una milima. Lakini kuning'iniza miwani masikioni kukawashinda. Wengine walifunga utepe au uzi kuzunguka masikio, wengine waliipachika kwenye kofia. Walio wengi walibana pua na kuvumilia. Waspania mpaka leo miwani ya kubana puani wanaiita *quevedos*, kwa jina la mshairi wao Francisco de Quevedo, aliyefariki 1645, kwa sababu picha zake zinamwonyesha nayo. Mshairi kaandika maelfu ya beti, lugha ikamkumbuka kwa pua!

Mikono ilikuja London mnamo miaka ya 1720, na anayetajwa ni fundi wa lenzi Edward Scarlett, aliyeitangaza kwenye kadi ya duka lake. Hata hiyo ilikuwa mifupi, inabana panja badala ya kuzunguka sikio. Mwaka 1752 James Ayscough, wa London pia, akaitangaza mikono yenye bawaba mbili. Kwa hiyo sikio liliitwa kusaidia baada ya pua kubeba mzigo peke yake kwa karne nne na ushee. Niliposoma hilo nilihisi kama wakili aliyepata barua muhimu ndani ya faili la upande wa pili. Pua haijawahi kuwa tatizo la miwani. Pua ndiyo iliyoifanya miwani iwezekane.

Lakini pua ya nani? Hilo ndilo swali, nami nitalifikia. Kwanza niseme kidogo juu ya kuuza sura, maana bila hilo nitakuwa naficha sababu ya pili iliyoipeleka miwani yangu chini ya begi.

Mwaka 1352 mchoraji Tommaso da Modena alichora ukutani, kwenye nyumba ya watawa mjini Treviso, wasomi maarufu wa Kidominiko, kila mmoja mezani na vitabu vyake. Mmoja, Kardinali Hugh wa Saint-Cher, kamchora na miwani puani. Ni moja ya picha za kwanza kabisa za miwani tulizo nazo. Shida ni kwamba Hugh alifariki 1263, kabla miwani haijavumbuliwa. Mchoraji alimvisha marehemu miwani ili tu aonekane msomi. Braza meni wa karne ya kumi na nne!

Kwa hiyo tangu mwanzo miwani imesema mambo mawili kwa mpigo: huyu ni msomi, na huyu ni dhaifu. Ndiyo maana watu wameipenda na kuionea haya. Wakati fulani mabibi wa Ulaya walitumia miwani yenye mpini, wanaishika mkononi, wanachungulia mara moja, kisha wanaificha kama aliyekohoa hadharani. Kiswahili nacho hakijaiheshimu sana: kamusi zetu zinatuambia kuvaa miwani ni kulewa.

Uingereza walifanya jaribio la kufuta angalau aibu ya bei. Tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ilianza, na miwani ikawa bure. Watu walifurika. Walikuwepo waliokuwa wakichagua miwani yao kwenye masanduku ya madukani, kama mama kwa machinga, na sasa wakapimwa na kutengenezewa yao. Gharama ikapanda kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 serikali ikaamua watu wachangie miwani na meno ya bandia. Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Napenda kukumbuka kwamba waziri mzima aliwahi kuacha kazi na miwani ikiwa miongoni mwa sababu. Ila bure ilikuwa na sura yake. Fremu zilikuwa za aina chache tu, na mtoto akiingia nayo darasani kila mtu anajua imetoka wapi. Najua habari hiyo.

Mmoja wa waliokua na aibu hiyo ni John Lennon. Alikuwa haoni mbali kabisa, na miaka yote ya mwanzo ya Beatles aliimba jukwaani bila miwani, mbele ya maelfu ya watu ambao kwake bila shaka walikuwa ukungu wenye kelele. Mwaka 1966 akaenda kuigiza askari kwenye filamu, akavishwa miwani ya mviringo ya waya, aina ile ile ya bei poa iliyofanana na ya huduma ya taifa. Hakuivua tena. Baada ya miaka michache vijana wenye macho mazima walikuwa wanaitafuta madukani. Kioo hakikubadilika, waya haukubadilika. Aliyeivaa ndiye aliyebadilisha maana.

Hata hivyo, kwa hapa petu, uso wa miwani si wa Lennon. Duka nililotoka siku ile lipo hatua chache kutoka Mtaa wa Lumumba, na ukimtaja Lumumba mtu yeyote anakuchorea kitu kile kile: nywele zenye njia pembeni, kidevu chenye ndevu fupi, na ile fremu nzito kwa juu, nyepesi kwa chini. Hugh wa Saint-Cher alivishwa miwani baada ya kufa. Patrice Lumumba alikutwa bila miwani kabla ya kuuawa. Alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960, akarudishwa Leopoldville mikono imefungwa nyuma, na kwenye picha za pale juu ya lori miwani haipo. Macho yanatazama pembeni, yamebanwa kidogo. Nimezitazama picha hizo mara nyingi na kila mara nawaza jambo la kijinga ambalo pengine mwenye macho mazima hawezi kuliwaza: alikuwa anawaona wanaompiga, au walikuwa ukungu tu? Tarehe 17 Januari 1961 wakamuua, huko Katanga. Na huko Kambodia, chini ya Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, walionusurika wamesimulia jinsi watu walivyotupa miwani yao kwa kuogopa kuhesabiwa wasomi. Nilipokuwa naificha yangu chini ya begi nilidhani mimi ndiye wa kwanza.

Turudi kwenye pua, na pua ya nani.

Miwani ilipotoka mikononi mwa fundi mmoja mmoja na kuingia viwandani, ilikwenda kukaa sehemu chache. Morez, kwenye milima ya Jura huko Ufaransa, ambako fundi wa misumari, Pierre-Hyacinthe Caseaux, alianza kutengeneza fremu za waya mwaka 1796. Cadore, kaskazini mwa Italia, ambako Angelo Frescura na wenzake walifungua kiwanda mwaka 1878. Na kwenye milima hiyo hiyo ya Italia, mjini Agordo, ndiko Leonardo Del Vecchio alikoanzisha Luxottica mwaka 1961, kampuni iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote. Fundi wa fremu hujaribu kazi yake kwenye uso alionao karibu. Uso uliokuwa karibu ulikuwa na pua nyembamba iliyoinuka mapema, kuanzia kati ya macho. Kwa pua ya namna hiyo, fremu ya plastiki yenye daraja lisilorekebishika inakaa kama mtu kwenye tandiko la farasi. Kwangu mimi, ambaye daraja la pua limelala na upana unaanzia chini, fremu hiyo hiyo haina pa kushika. Inateleza mpaka ikute nyama.

Hapo nikaelewa kitu ambacho muuzaji hakuniambia, pengine naye hakuambiwa. Geuza miwani yako uangalie ndani ya mkono wake. Utakuta namba, tuseme 50, halafu 18, halafu 140. Hizo ni milimita: upana wa lenzi moja, umbali kati ya lenzi na lenzi pale puani, na urefu wa mkono. Angalia ile ya katikati. Inakuambia daraja lina upana gani. Haikuambii pua inayotakiwa iwe na kimo gani. Watu wawili wanaweza wote kuwa "18", mmoja ikamkaa na mwingine ikamtoroka, na namba isijue tofauti yao. Kimo cha pua kimeachwa nje ya hesabu kwa sababu waliopanga hesabu hawakuwa na haja nacho.

Wajapani waliligundua hilo kwa njia yao. Mwaka 1905 Masunaga Gozaemon alileta ufundi wa fremu wilayani kwake, Fukui, ili wakulima wapate kazi wakati wa theluji, na mji wa Sabae ukawa kitovu cha miwani cha Japani. Baadaye makampuni makubwa yakaanza kutoa fremu zenye vishikio virefu vya puani, zikiuzwa kwa jina la watu wa Asia, kana kwamba pua zilizolala zinaishia Bahari ya Hindi upande wa pili. Siku hizi wengi wameacha kutaja bara, wanataja daraja fupi. Na mbunifu mzaliwa wa Malawi, Ackeem Ngwenya, akiwa Berlin, alianzisha miwani ya jua inayoanza na vipimo vya uso wa mteja, akiwa na pua kama zetu akilini. Moyo ulinituliza kujua kwamba kuna Mwafrika mwingine aliyekataa hukumu.

Wiki mbili baadaye nilirudi Kariakoo. Duka lile lile, muuzaji yule yule, karatasi ya vipimo mfukoni: -2.75 jicho la kulia, -3.00 la kushoto. Safari hii nilikuwa nimejua ninachotafuta. Kwanza, fremu ya chuma yenye vile vipedi viwili vidogo vya puani vinavyoweza kukunjwa, maana ndivyo peke yake vinavyoweza kuifuata pua ilipo. Pili, lenzi isiwe pana. Lenzi yetu sisi tusioona mbali ni nyembamba katikati na inanenepa kuelekea pembeni, kwa hiyo ukichagua fremu kubwa ya kibishoo unajinunulia kingo nene kama sakiti ya chupa, na macho yanaonekana madogo ndani yake. Fremu ndogo inaukata ule unene kabla haujakua. Tatu, plastiki na si kioo, kwa uzito. Kila gramu inayopungua ni gramu ambayo haiivuti miwani kwenda chini. Nne ndiyo uzuri. Uso wangu ni wa duara, na kwenye magazeti ya mitindo wanasema uso wa duara usivae duara. Nilijaribu ya Lennon kwa ajili ya historia, nikafanana na bundi aliyeamshwa mchana. Nikachukua ya pembe nne zilizolainishwa, rangi ya kahawa iliyokolea, 48 na 20 na 145.

"Hii ya vipedi vijana hawaipendi," muuzaji akasema. "Wanasema ya wazee."

"Kaka, nikunjie tu hivi vipedi, vikaribiane na viinuke kidogo."

Akanitazama, akatoa koleo dogo kwenye droo. Akakunja, akanivisha, nikainamisha kichwa kama ninayefunga kamba za viatu. Ikateremka kidogo. Akakunja tena. Safari ya tatu niliinama, nikatikisa kichwa kulia na kushoto, na miwani ikabaki mahali pake. Kwenye kioo kidevu changu kilikuwa chini, usawa wa watu wote.

Ndipo nilipomwona yeye vizuri. Miwani yake mwenyewe, fremu nene nyeusi ya plastiki, ilikuwa imefungwa nyuma ya kisogo kwa kamba ya kiatu.

"Na hiyo yako, kaka?"

"Ah, hii." Akaigusa. "Inateleza. Nimeshazoea, mwaka wa nane huu."

Nikalipa. Akaniandikia risiti, akaniambia lenzi zitakuwa tayari Alhamisi, na kwamba vipedi hulegea, kwa hiyo nirudi baada ya mwezi avikaze tena, bure. Nilipogeuka mlangoni alikuwa ameshika fremu ya chuma kutoka kabatini, anaisogeza karibu na kioo.